Siti binti Saad: Kutoka Vyungu vya Fumba hadi Santuri za Bombay

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyekulia Diani au Msambweni hahitaji kuelezwa taarabu ni nini. Ameisikia harusini tangu utotoni. Lakini taarabu iliyopigwa katika kasri la Sultani wa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 iliimbwa kwa Kiarabu. Aliyeifikisha kwa watu wa kawaida, kwa lugha yao, ni marehemu Siti binti Saad.

Alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya kitumwa. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Hakupata elimu ya shule. Alifinyanga vyungu, akavipeleka mjini kuviuza, akivinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko Ali Muhsin, mwanamuziki hodari, akamfunza uimbaji. Punde akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Si mabadiliko madogo hayo kwa mtu aliyeitwa Mtumwa! Mahasidi walimtungia wimbo wa kumkejeli kwa asili yake ya shamba. Naye alijibu kwa wimbo, kama ilivyo ada ya malumbano ya washairi wetu.

Mwaka 1928 alisafiri na wenzake, miongoni mwao Subeit Ambar, Buda Swedi na Mbaruk Talsam, hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyemtangulia katika jambo hilo.

Kwa maoni yetu, hata hivyo, uzito wake umo katika maudhui. Wimbo wa Kijiti unasimulia mkasa wa kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alibakwa na kuuawa mjini Unguja. Muuaji alitorokea bara, na mahakama ya kikoloni ikawafunga wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Waliodhulumiwa hawakuwa na gazeti wala wakili, ila walikuwa na Siti. Mhakiki anayeipima taarabu kwa mapenzi na mafumbo peke yake hana budi kuusikiliza wimbo huo upya.

Siti alifariki mwaka 1950. Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyejifunza kwake, aliendelea kuziimba nyimbo zake hadi alipofariki mwaka 2013. Shaaban Robert naye aliandika wasifu wake, na kwa kitabu hicho maisha ya mfinyanzi wa Fumba yakaingia katika fasihi andishi ya Kiswahili.