Sayyid Barghash na reli ya nyumba moja

Wasikilizaji wetu wengi mnaokuja Dar es Salaam kufuata bidhaa Kariakoo mnavijua viwanja vya Mnazi Mmoja. Stesheni ya zamani ya reli haiko mbali na hapo. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati mwaka 1905 wakitokea mji huu. Lakini miaka 26 kabla yao, ng'ambo ya pili, Unguja, reli ilikuwa imeshatandikwa. Leo tunamkumbuka aliyeitandika, Sultani Barghash bin Said.

Barghash alizaliwa mwaka 1837. Alijaribu kumpokonya kaka yake Majid kiti cha usultani, akashindwa, na mwaka 1859 akapelekwa uhamishoni Bombay, India. Huko alikaa takriban miaka miwili katika mji mkubwa uliokuwa tayari na reli. Majid naye akaanzisha mji mpya bara, Dar es Salaam, lakini alifariki mwaka 1870 kabla haujakamilika. Barghash akatawala. Hakuhamia Dar es Salaam. Majumba ya kaka yake yaliachwa yachakae, na fedha zikabaki Unguja.

Mwaka 1879 alitandika reli yenye urefu wa maili 7, yaani kama kilomita 11, kutoka jumba lake la mjini hadi jumba lake la Chukwani, kusini mwa mji. Ilikuwa na mabehewa mawili. Mwanzoni yalivutwa na baghala, yule mnyama anayezaliwa na punda na farasi. Mwaka 1881 Sultani aliagiza kichwa cha treni cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza.

Anayepanga reli, hata ile ndogo ya kuchezea inayozunguka juu ya meza, huanza na maswali matatu: inatoka wapi, inakwenda wapi, na itabeba nani au nini? Reli ya Barghash ilitoka kwake, ikaenda kwake, ikambeba yeye na watu wake. Karafuu za mashambani na wakulima wake hazikuwa sehemu ya mpango.

Si kwamba hakujua kupanga mambo ya watu wote. Alivuta maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu hadi mjini, na watu wakayapata bure. Wakati huohuo, bara, Waingereza wakiongozwa na tajiri William Mackinnon walianza mwaka 1877, kwa ridhaa yake, kuchonga barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Ilifika zaidi ya kilomita 100, kisha ikaachwa, miaka ileile treni ya Chukwani ilipopata kichwa chake cha mvuke.

Bara ikamponyoka. Mwaka 1885 manowari za Wajerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kumwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 tu kwenda bara. Alifariki Machi 1888, na reli yake ikafa naye. Ikang'olewa, kichwa cha treni kikauzwa kama chuma chakavu. Maji yaliendelea kutoka mabombani.

Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli nyingine Unguja, kutoka mjini hadi Bububu. Urefu wake ulikuwa uleule, maili 7. Hii ilipita katikati ya makazi na kubeba yeyote mwenye nauli. Ilibeba abiria hadi miaka ya 1920. Na ile iliyoanzia Dar es Salaam mwaka huohuo ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wajerumani waliipanga kwa faida yao, lakini iligusa miji na mashamba njia nzima, na ndiyo maana bado tunaipanda.

Kwa hiyo, siku wataalamu watakapokuja kijijini kwenu na ramani ya barabara au bomba, tusiulize urefu wake kwanza. Tuulize inatoka wapi, inakwenda wapi, na ni nani atakayeitumia.