JOHANNES REUCHLIN: ALIYEKATAA VITABU VICHOMWE

Wanaklabu wenzangu, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii tunaikariri kila mara, lakini kuitenda si mchezo. Johannes Reuchlin aliitenda, na ikamgharimu.

Alizaliwa mwaka 1455 mjini Pforzheim, Ujerumani. Alikuwa mwanasheria, lakini lugha ndizo zilizomteka moyo: Kilatini, Kigiriki, kisha Kiebrania. Hiki cha mwisho alifunzwa na Myahudi, Jacob Loans, daktari wa Kaisari. Mwaka 1506 Reuchlin alitoa kitabu cha sarufi na kamusi ya Kiebrania ili Wakristo nao wajifunze.

Msidhani alikuwa malaika. Kwa karne nyingi Wakristo wa Ulaya waliandika maandishi ya kuishambulia dini ya Kiyahudi. Reuchlin naye, mwaka 1505, alichapisha waraka wa Kijerumani akidai kwamba Wayahudi wanataabika uhamishoni kwa sababu ya dhambi zao.

Basi akazuka Johannes Pfefferkorn wa Cologne, Myahudi aliyekuwa amebatizwa. Kuanzia 1507 alitoa vijitabu mfululizo akitaka Wayahudi wanyang'anywe vitabu vyao, hasa Talmudi, yaani mafundisho ya marabi wao. Mwaka 1509 Kaisari Maximilian alimpa ruhusa, na huko Frankfurt vitabu vikaanza kutwaliwa. Kelele zilipozidi, Kaisari aliomba maoni ya wataalamu. Vyuo vikuu vya Mainz na Cologne viliunga mkono vitabu vitwaliwe.

Reuchlin, mwaka 1510, akasema la! Wayahudi ni raia wa dola, akaeleza, na sheria inalinda mali yao. Tena Wakristo wangapi wanaweza kuisoma hiyo Talmudi wanayoilaani? Alikubali viharibiwe vile tu vinavyomtusi Yesu waziwazi, navyo vihukumiwe kwanza. Watu wa Frankfurt walirudishiwa vitabu vyao mwaka uo huo.

Lo! Mwaka 1511 Pfefferkorn akaandika ati Reuchlin amehongwa na Wayahudi. Reuchlin akamjibu kwa Kijerumani katika kitabu Augenspiegel, yaani miwani. Kesi ikafuata kesi. Mwaka 1514 alishinda huko Speyer, lakini mwaka 1520 Papa Leo wa Kumi alikihukumu kitabu hicho na kumwamuru anyamaze. Alifariki mwaka 1522.

Wenzangu, Reuchlin hakuikubali dini ya Wayahudi, ila aliitetea haki yao. Je, sisi tunaweza kumtetea tusiyekubaliana naye? Tusome kwanza, ndipo tuhukumu.