Sheikh Kaluta Amri Abedi: Mtoto wa Ujiji Aliyebeba Dini, Lugha na Uongozi

Ndugu zetu wana-Ujiji, mlioko nyumbani na mlioko ugenini, kabla ya kufika kwenye hesabu na ahadi za michango, tunapenda kwanza kumkumbuka mmoja wa wazee wetu waliotangulia mbele ya haki. Mwaka huu tumemchagua Sheikh Kaluta Amri Abedi. Vijana wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya uwanja wa michezo wa Arusha. Huenda wachache kati yao wanajua kwamba mwenye jina hilo alizaliwa hapa hapa kwetu.

Alizaliwa mwaka 1924. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma miaka kumi nyuma, na biashara iliyokuwa ikiletwa Ujiji na misafara ilikwisha kuhama. Utajiri ulipungua, lakini dini na Kiswahili vilibaki. Amri alilelewa katika nyumba ya Kiislamu, kwenye mji wa misikiti na vyuo vya Kurani, ambako mtoto alisikia lugha nzuri tangu asubuhi. Baadaye akapelekwa Shule ya Serikali ya Tabora, ambayo siku hizo ilikuwa shule kubwa kwa mtoto wa Kiafrika wa bara. Mwalimu Nyerere naye alipita shule hiyo.

Ni huko Tabora alikokutana na Sheikh Mubarak Ahmad, mhubiri wa Jumuiya ya Ahmadiyya, akaifuata njia hiyo na kuwa mhubiri wake. Haukuwa uamuzi mwepesi. Waislamu walio wengi nchini hawakukubaliana na mafundisho ya Ahmadiyya, na ubishi ulikuwa mkali misikitini na katika maandishi. Yeye alibaki na imani yake, akafanya kazi. Alikuwa mmoja wa waliosaidia kuitayarisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotolewa na jumuiya yake mwaka 1953. Kabla yake ilikuwapo tafsiri ya padri Godfrey Dale ya mwaka 1923. Masheikh wa Sunni hawakuridhika na ile ya 1953, na mwaka 1969 Sheikh Abdullah Saleh Farsy akatoa ya kwake kamili. Ubishi huo uliwaachia Waswahili vitabu vya kusoma kwa lugha yao wenyewe.

Mwaka 1954 kikatoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kabla ya hapo, aliyetaka kujua vina na mizani ilimbidi aketi chini ya malenga, asikilize, akosee na kusahihishwa. Sheikh Amri aliziweka kanuni hizo kwenye karatasi, akaambatanisha tungo zake mwenyewe. Tangu hapo kijana wa mahali popote aliyejua kusoma aliweza kujifunza. Walimu wa ushairi wanakitaja hadi leo, hata wale wasiokubaliana na ukali wa sheria zake. Katikati ya miaka hiyo ya 1950 alikwenda Rabwah, Pakistan, kuongeza elimu ya dini, kisha akarudi nchini wakati harakati za TANU zimepamba moto.

Siasa ilimpokea kwa haraka. Mwaka 1960 alichaguliwa kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Desemba 1961, Uhuru ulipopatikana na Dar es Salaam ikapewa hadhi ya jiji, aliyekalia kiti cha meya alikuwa mtoto wa Ujiji. Tuzingatie jambo hili: alitoka bara, mbali na pwani, na alikuwa wa madhehebu yenye watu wachache ndani ya mji wenye Waislamu wengi wa Sunni. Hayo hayakumzuia kupewa dhamana.

Baada ya Uhuru alirudishwa upande wetu kuwa Mkuu wa Mkoa wa Magharibi, wakati Tabora na Kigoma zilipokuwa chini ya mkoa mmoja. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyofuta mgawanyo wa kikoloni wa mahakama za wenyeji na mahakama za wengine, ukaanza mfumo mmoja kwa raia wote. Kisha akahamishiwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa, kazi iliyomfaa mshairi. Hakukaa nayo sana. Oktoba 1964 alifariki akiwa Ujerumani Magharibi, umri wake miaka arobaini tu.

Sasa, kwa nini tumemweka katika kijitabu cha kuombea michango? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni shule. Kilichomtoa mtoto huyu Ujiji ni nafasi moja ya masomo Tabora. Laiti nafasi hiyo isingekuwapo, kipaji chake kingeishia barazani. Watoto wenye kipaji kama chake wapo mitaani kwetu leo, na wengine wanakwama kwa kukosa daftari, sare au kitabu.

Ya pili ni umoja. Kila mwaka kuna wanaotuuliza kwanza mradi ni wa msikiti gani au kanisa gani kabla hawajatoa. Maisha ya Sheikh Amri yanatufundisha kwamba mtu anaweza kushika imani yake barabara na bado akawatumikia wote. Dawati halina madhehebu, na kisima hakimuulizi mtu anaswali wapi.

Basi ndugu zetu, haba na haba hujaza kibaba. Mwenye kingi na atoe kingi, mwenye kidogo asione haya. Mungu amrehemu mzee wetu, na atubariki sote.