Sala Kati ya Masufuria

Nicolas Herman wa Lorraine alikuwa askari mpaka alipojeruhiwa vitani akabaki kilema. Mwaka 1640 aliingia utawani kwa Wakarmeli wa Paris, akaitwa Bruda Laurent, akapewa kazi ya jikoni ambayo, kusema kweli, aliichukia.

Basi akajizoeza kuzungumza na Mungu penye masufuria. Hata alipotumwa Burgundy kununua mvinyo, akijiviringisha juu ya mapipa chomboni kwa sababu ya mguu wake, hakuacha. Wala hayakuwa mazoea mepesi: kwa miaka minne aliamini kwamba ataangamia. Mawazo yalipotangatanga aliyarudisha, pasipo kujikaripia. Baadaye alishona makubazi ya watawa wenziwe, akisali vivyo hivyo, mpaka alipofariki mwaka 1691.