Tippu Tip

Tippu Tip (jina kamili Hamed bin Muhammed el Murjebi, Unguja, miaka ya 1830 – Unguja, Juni 1905) alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, mtawala wa Manyema katika mashariki ya Kongo ya leo, na mwandishi wa habari za maisha yake kwa Kiswahili. Nguvu yake ilitegemea bunduki na baruti.

Maisha ya awali

Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara mwenye makao Tabora. Kwa upande wa baba, ukoo wake ulikuwa na asili ya Kiarabu na ya Kiafrika pia. Hamed alianza biashara angali kijana kwa kununua sandarusi, kisha akafuatana na baba yake kwenda bara.

Silaha na jina lake

Misafara ya wakati ule ilibeba hasa magobori, yaani bunduki zinazoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Bunduki na baruti ziliingia bara kutoka bandari za pwani kama Bagamoyo na Kilwa Kivinje. Gobori lilichelewa kujazwa, lakini halikuhitaji risasi za kiwandani: mwenye baruti aliweza kulijaza hata vipande vya chuma. Kwa msafara uliokaa bara miaka kadhaa, faida hiyo ilikuwa kubwa.

Mnamo 1867 Hamed alipigana na Nsama, mtawala wa Watabwa, karibu na kusini ya Ziwa Tanganyika. Alijeruhiwa kwa mishale lakini alishinda, akateka pembe nyingi. Mwenyewe alieleza kwamba jina Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake. Wengine husema lilitokana na kupepesa kwa macho yake. Mwaka huohuo alikutana na David Livingstone akamsaidia. Baadaye alijijengea utawala huko Manyema, makao yake yakiwa Kasongo.

Kukutana na Stanley

Mwezi Oktoba 1876 mwandishi na mpelelezi Henry Morton Stanley alifika Manyema. Katika kitabu chake Tippu Tip anasimulia kwamba mgeni huyo alimwonyesha bunduki inayotoa risasi kumi na tano. Hakusadiki. Aliona mtutu mmoja tu, na bomba la chini yake alilidhani kuwa ufito wa kusafishia bunduki. Alipoomba ipigwe, Stanley alitaja ada ya reale 20 hadi 30. Tippu Tip akamjibu kwa mzaha kwamba kwenye mto Lomami uko upinde unaorusha mishale ishirini kwa pamoja, na kila mmoja huua mtu. Ndipo Stanley akatoka nje, akapiga risasi kumi na mbili mfululizo, kisha sita za bastola. Tippu Tip alistaajabu, akauliza inavyojazwa, akaonyeshwa.

Maelezo hayo yanalingana na bunduki ya Winchester kutoka Marekani, ambayo Stanley aliipendelea kwa mapigano. Risasi hukaa zimepangana katika bomba chini ya mtutu. Mpigaji husukuma chini wenzo ulio kwenye kifyatulio na kuurudisha. Ganda tupu hutoka na risasi mpya huingia. Risasi zake zilikuwa fupi, zenye kipenyo cha inchi 0.44. Kuanzia 1878 kampuni ya Colt iliuza bastola zilizotumia risasi za Winchester ya 1873, hivyo mtu aliweza kubeba aina moja ya risasi kwa silaha zote mbili. Kwa tembo risasi hiyo ilikuwa dhaifu, na zilipokwisha hapakuwa na duka bara la kununulia nyingine.

Tippu Tip alimsindikiza Stanley kutoka Nyangwe mwezi Novemba, wakaachana mwishoni mwa Desemba. Baadaye alilalamika kwamba hakulipwa kama walivyoagana.

Gavana na mwisho wa utawala

Mnamo Februari 1887 Stanley alirudi Unguja. Kwa mapatano yao, Tippu Tip alikuwa gavana wa maporomoko ya Stanley (leo Kisangani) chini ya Dola Huru la Kongo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Aliahidi pia wapagazi 600 wenye bunduki, lakini ulizuka ugomvi kuhusu baruti waliyopaswa kupewa. Alileta takriban 400 tu, mwezi Juni 1888.

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingiza bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa ruhusa ya serikali za kikoloni. Tippu Tip alirudi Unguja mwaka 1891. Vita kati ya Dola Huru la Kongo na Waarabu ilianza 1892; Kasongo ilitekwa, na mwanawe Sefu aliuawa, mwaka 1893.

Urithi

Habari za maisha yake zilitolewa na Mjerumani Heinrich Brode mwaka 1902–1903, nazo ni kati ya maandishi ya kwanza ya aina hiyo kwa Kiswahili. Zinasifiwa kwa lugha yake, lakini watu waliotekwa na kuuzwa kwa nguvu za bunduki hizo wanatajwa humo kama mali tu. Nyumba yake bado iko Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar.