Archimedes na Kipimo cha Duara

Katika sehemu iliyotangulia tuliyachambua maneno ambayo Kiswahili huyatumia kukadiria: *takriban*, *yapata*, *karibu*, *kiasi cha*, pamoja na vitenzi *-zidi*, *-pungua* na *-fikia*. Wako wanaoyadharau maneno haya, wakidhani kwamba asemaye *takriban* hajui, na asemaye *ni* ndiye ajuaye. Maisha ya Archimedes yanatufundisha vingine.

Archimedes alizaliwa yapata mwaka 287 K.K. katika mji wa Syracuse, kwenye kisiwa cha Sicily, ambacho leo ni sehemu ya Italia. Zama hizo Syracuse ulikuwa mji wa Wagiriki. Baba yake, Phidias, alikuwa mtaalamu wa nyota, naye alijaribu kukadiria ukubwa wa jua ukilinganishwa na wa mwezi. Basi mtoto huyu alizaliwa kwa mtu aliyeihesabu kazi ya kukadiria kuwa elimu. Alipokuwa mtu mzima aliandikiana na wanazuoni wa Alexandria, nchini Misri, akiwemo Eratosthenes, msimamizi wa maktaba mashuhuri ya mji huo. Wengi humkumbuka kwa kisa cha taji la mfalme na maji ya kuogea. Kisa hicho hakimo katika maandishi yake yaliyotufikia, nasi tunakiacha ili tuitazame kazi yake juu ya duara.

Tangu kale mafundi walijua kwamba mzingo wa duara unazidi kidogo kipenyo mara 3. Wababeli walitumia 3 na 1/8; Wamisri walikuwa na hesabu iliyowapa 256/81. Namba hizo ziliwafaa katika ujenzi na upimaji wa ghala, ila hazikuwa na uthibitisho wa umbali wake kutoka kwenye ukweli. Archimedes hakutafuta jibu moja. Alitafuta mipaka miwili, mmoja chini na mmoja juu, ambayo ukweli hauwezi kuivuka.

Alianza na umbo lenye pande 6 zilizo sawa, lililochorwa ndani ya duara hata kila pembe ikaligusa. Jumla ya pande zake ni kipenyo mara 3 kamili. Kwa kuwa mstari ulionyooka ni mfupi kuliko tao, mzingo wa duara hauna budi kuzidi hapo. Kisha alichukua umbo la namna hiyohiyo nje ya duara, lenye pande zinazoligusa duara. Mzingo hauna budi kupungua kuliko jumla ya pande hizo. Ndipo akaziongeza pande maradufu: 6 zikawa 12, 12 zikawa 24, 24 zikawa 48, na 48 zikawa 96. Kila alipoziongeza, umbo la ndani lilitanuka na la nje likabana, na duara likazidi kusongwa kati yao.

Kazi hiyo aliifanya bila desimali wala sifuri, kwani Wagiriki waliandika namba kwa herufi za alfabeti yao. Vipeuo vya pili visivyokwisha alivikadiria kwa sehemu, na hapa uangalifu wake ulionekana. Makadirio yake yaliupunguza mzingo wa umbo la ndani, na yaliuzidisha mzingo wa umbo la nje. Hivyo kila kosa dogo liliusogeza mpaka mbali kidogo na ukweli, lakini halikuuvusha upande wa pili. Mwishoni alithibitisha kwamba uwiano wa mzingo na kipenyo, tunaouita pai, unazidi 3 na 10/71, wala haufikii 3 na 1/7.

Mpaka huo wa juu, yaani tatu na subui, ndio 22/7 ya madarasa yetu. Tuutazame ukifanya kazi. Fundi anataka kukata bati la kuzungushia tangi lenye kipenyo cha mita 1.4. Akitumia 3, atakata mita 4.2, na bati litapungua karibu sentimita 20. Akitumia 22/7, atakata mita 4.4, litazidi, lakini ziada yenyewe haifikii milimita 2. Tena kwa kuwa 22/7 inazidi pai, kosa lake huwa ni la kuzidi daima. Kipande kilichozidi hupunguzwa, kilichopungua hakirefushwi. Ndiyo maana sehemu hii imedumu mikononi mwa watu kwa zaidi ya miaka 2,200.

Walakini, mwalimu anapoandika ubaoni kwamba pai *ni* 22/7, anamsingizia Archimedes neno ambalo hakulithibitisha. Kitenzi kishirikishi cha sentensi hiyo, *ni*, kinadai usawa. Archimedes alithibitisha kutofikia. Mwaka 1761 Johann Heinrich Lambert alionyesha kwamba hakuna sehemu yoyote ya namba kamili mbili inayoweza kulingana na pai. Mwanafunzi aliyekariri *ni* ataona kwamba hesabu zimemgeuka. Aliyefundishwa *inakaribia* atakuwa amejiandaa tangu mwanzo.

Miaka ya mwisho ya Archimedes ilikuwa ya vita. Warumi, wakiongozwa na Marcellus, waliuzingira Syracuse, naye akauhami mji wake kwa mitambo ya kurusha mawe na ya kuinua merikebu za adui. Mji ulitekwa mwaka 212 K.K., na askari wa Kirumi akamwua, ingawa yasemekana Marcellus hakutaka auawe. Waandishi wa kale hawaafikiani juu ya saa yake ya mwisho. Kaburini pake iliwekwa michoro ya tufe na mcheduara, kwa kuwa alithibitisha kwamba tufe hujaza theluthi mbili za mcheduara unaolizunguka barabara. Mnamo mwaka 75 K.K. Mrumi Cicero alilikuta kaburi hilo limefunikwa na miiba, wenyeji wa mji wakiwa wamelisahau.

Kaburi lilisahaulika, lakini mipaka miwili ingali imesimama. Sisi tunaofundisha lugha tunaweza kumuenzi kwa kulitumia *ni* pale tu panapo usawa.

Zoezi

1. Orodhesha vitenzi vyote vya kukadiria au kulinganisha vilivyotumika katika aya ya nne, ya tano na ya sita. Eleza ni vipi vinavyoonyesha mpaka wa chini, na vipi vya juu.

2. Sahihisha sentensi hii ili iseme kweli: Mzingo wa gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 70 ni sentimita 220.

3. Mwaka wa kuzaliwa kwa Archimedes tumeutaja kwa *yapata*, na wa kufa kwake bila neno hilo. Eleza tofauti ya maana, kisha tunga sentensi mbili za namna hiyo kuhusu mtu mwingine wa kale.