Fazlur Rahman Khan, Mhandisi wa Majengo Marefu

Shika karatasi kwa ukingo mmoja, uinyoshe mbele yako. Utaona inapinda na kuning'inia. Sasa iviringe iwe kama bomba, uifunge kwa uzi, kisha uishike tena vilevile. Haipindi. Karatasi ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali zilipokaa sehemu zake. Kanuni hiyo ndiyo iliyompatia sifa mhandisi Fazlur Rahman Khan.

Khan alizaliwa mwaka 1929 mjini Dhaka, ambao leo ni mji mkuu wa Bangladesh. Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati. Mwaka 1952 alikwenda Marekani kwa masomo ya juu, na mwaka 1955 akapata shahada ya udaktari. Kisha akaanza kazi mjini Chicago.

Uzito wa jengo hushuka chini, lakini upepo hulisukuma ubavuni. Kadiri jengo linavyorefuka, ndivyo upepo unavyozidi kulipinda. Njia moja ya kuuzuia ilikuwa kujenga kuta nene za zege katikati, kuzunguka lifti na ngazi. Lakini kuta zilizokusanyika katikati ni kama mtu aliyesimama miguu yake ikigusana: ukimsukuma, hupepesuka. Ukizinenepesha, gharama huongezeka na nafasi ya watu hupungua. Tena, kuta zikiwekwa upande mmoja tu, upepo huweza kulisokota jengo.

Khan akaupeleka uimara nje. Katika miaka ya 1960 alisanifu jengo la DeWitt-Chestnut la ghorofa 43, huko Chicago. Alipanga nguzo za zege karibukaribu kulizunguka jengo lote, akaziunganisha kwa boriti, zikawa kama ukuta mmoja wenye matundu ya madirisha. Upepo ukivuma, upande unaopigwa huelekea kuvutwa juu, na upande wa pili hukandamizwa chini. Kwa kuwa pande hizo ziko mbalimbali, jengo hustahimili.

Mwaka 1971 jengo la One Shell Plaza, lenye ghorofa 50, lilikamilika mjini Houston. Humo Khan alizishirikisha kuta za katikati na nguzo za nje, zikasaidiana.

Khan alifariki mwaka 1982, lakini wahandisi wangali wanafuata njia zake. Nawe ukitazama jengo refu, usiulize tu kuta zake zina unene gani. Uliza pia zimewekwa wapi.

Swali: Kwa nini mwanzi ulio wazi ndani haukunjwi upesi na upepo?